Rangi ya Seli Imebadilika Ulipohamia Faili Jingine la Excel? Fuata Hatua Hizi

Kila shule zinapokaribia kufunga, simu yangu hujaa picha za skrini. Swali ni lile lile, anabadilika muulizaji tu: "Kaka, nimekusanya alama za mkondo A, B na C kwenye faili moja. Kwenye faili la mkondo B wanafunzi wa kufuatiliwa walikuwa na rangi ya dhahabu, nimewahamisha wamekuwa bluu. Na bluu kwangu ni waliokosa mtihani. Nani kaharibu?"

Hakuna aliyeharibu. Ila nimechoka kutoa jibu hilo kwa vipande vipande usiku wa manane, kwa hiyo nimeliweka hapa lote. Ninazungumzia Excel ya kompyuta, maana ndiko tatizo linakozaliwa mara nyingi. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Jambo la kuelewa ni moja tu. Ukiona seli ina rangi, rangi hiyo imetoka kwenye mojawapo ya sehemu tatu:

Rangi ya kudumu. Seli imeandikiwa namba kamili ya rangi. Ipeleke faili lolote, itabaki vile vile.

Rangi ya mandhari (Theme), yaani seti ya rangi ya faili. Seli haikuandikiwa rangi, imeandikiwa nafasi kwenye kisanduku cha rangi: "nipake rangi ya safuwima ya nane." Safuwima ya nane ni rangi gani, hilo analijua mwenye nyumba, yaani faili. Ni kama mwanafunzi anayehama shule. Hakuna aliyemchania sare. Amefika penye sare nyingine tu.

Rangi ya kanuni. Hakuna mtu aliyeipaka. Excel inaipaka yenyewe kwa sababu sharti fulani limetimia, mfano alama iko chini ya 30.

Watu hupoteza nusu siku kwa sababu wanaanza kupaka upya kabla ya kujua wanapambana na ipi kati ya hizo. Usianze hivyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Faili lililotoa na faili lililopokea, yote mawili. Picha za skrini hazisaidii. Picha haiwezi kukuambia kama dhahabu ile ni ya kudumu au ya mandhari.
- Nakala ya kila faili, uliyoipa jina jingine. Majaribio yote utayafanya kwenye nakala.
- Excel ya kompyuta, ya 2010 au ya baadaye. Ya simu haitoshi kwa kazi hii.
- Nywila ya shiti, kama aliyekutumia ameifunga. Muombe mapema.
- Kipande cha karatasi. Utaandika namba chache, na usiseme utazikumbuka.

Hatua ya 1: Fungua mafaili yote mawili kwenye kompyuta moja

Usilinganishe faili lililo kwenye laptopu yako na lililo kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma. Fungua Excel, kisha kwa kutumia File na Open ufungue faili la kwanza, halafu la pili kwa njia ile ile. Nenda View, bofya View Side by Side, uyaweke bega kwa bega.

Kama tofauti imetoweka, basi haikuwa ya faili, ilikuwa ya skrini. Kwenye Windows angalia kama Night light imewashwa, ipo Settings, System, Display. Ikiwaka, nyeupe huonekana kama chai ya maziwa na njano hafifu hupotea kabisa. Kama rangi zote za seli zimetoweka kwenye kompyuta moja tu, huenda mtu amewasha hali ya utofautishaji mkubwa (high contrast) bila kujua. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja, Windows itakuuliza au itaizima. Na Excel mpya za Microsoft 365 zina hali ya giza inayofika hadi kwenye seli zenyewe. Nayo izime kwanza ndipo ulinganishe.

Hatua ya 2: Soma mwisho wa jina la faili

Ukiona .csv, acha kutafuta. Faili la aina hiyo halibebi rangi, halijawahi kubeba. Linabeba maandishi na namba tu. Rudi kwa aliyekutumia, mwambie ahifadhi kwa .xlsx.

Ukiona .xls bila x ya mwisho, hilo ni la mfumo wa zamani wa Excel 97 hadi 2003. Faili la namna hiyo lina kisanduku cha rangi 56 tu, basi. Ukichukua faili jipya lenye rangi zako nzuri ukalihifadhi kama .xls, rangi huweza kusogezwa hadi iliyo karibu nayo kati ya hizo 56. Ndiyo maana kijani tatu zilizotofautiana kidogo huweza kurudi zikiwa kijani moja. Ukilifungua tena na kulihifadhi kama .xlsx, rangi zilizopotea hazirudi.

Ukiona .xlsx pande zote mbili, endelea.

Hatua ya 3: Jaribu kuifuta rangi

Chagua seli moja yenye tatizo kwenye nakala ya faili. Nenda Home, bofya mshale ulio pembeni ya kile kikopo cha rangi, uchague No Fill.

Rangi imefutika? Basi ilipakwa kwa mkono. Bonyeza Ctrl+Z kuirudisha, uende hatua ya 4.

Rangi imebaki kama ilivyo? Basi haikupakwa kwa mkono. Inatoka kwenye kanuni, au kwenye mtindo wa jedwali. Ili kujua ipi, tazama juu kwenye vichupo: kama unapobofya seli hiyo kinajitokeza kichupo cha Table Design, seli iko ndani ya jedwali, na ile mistari ya rangi inayopishana ni ya mtindo wa jedwali. Kama hakijitokezi, nenda Home, Conditional Formatting, Manage Rules, na pale juu uchague This Worksheet. Utaziona kanuni zote za shiti. Ukizikuta, ruka hadi hatua ya 6, sehemu ya kanuni.

Wapo wenye vyote viwili, kanuni juu ya rangi ya mkono. Kanuni ndiyo inayoonekana. Rangi ya mkono inakaa chini yake ikisubiri. Siku kanuni ikifutwa inaibuka, na mwenye faili anadhani kuna jini.

Hatua ya 4: Tambua kama ni ya kudumu au ya mandhari

Bado uko kwenye nakala. Nenda Page Layout, bofya Colors, kisha uchague Grayscale.

Sasa tazama shiti. Seli zilizogeuka kijivu ni za mandhari. Zilizobaki na rangi zake ni za kudumu. Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki, na ninashangaa kwa nini hakifundishwi siku ya kwanza. Ukimaliza kutazama, funga nakala bila kuhifadhi.

Ukitaka kujua zinatoka wapi, fungua tena ule mshale wa kikopo cha rangi. Sehemu ya juu, Theme Colors, ina safuwima 10, na zote ni nafasi, hazina rangi yao wenyewe. Ule mstari mmoja wa chini, Standard Colors, una rangi 10 za kudumu: nyekundu, njano, kijani na wenzake. Wanaoanza hupenda za juu kwa sababu ni nyingi na zimepoa. Matatizo yao nayo hutoka huko huko.

Sasa kuhusu ile dhahabu iliyogeuka bluu. Microsoft imebadilisha rangi za mandhari ya kawaida ya Office zaidi ya mara moja, kwa hiyo nafasi ile ile huwa na rangi tofauti kutegemea faili lilizaliwa na Excel ya miaka gani:

- Safuwima ya 6: nyekundu iliyofifia kwenye mandhari ya 2007 hadi 2010, chungwa kwenye ya 2013 hadi 2022, chungwa pia kwenye ya 2023 na kuendelea.
- Safuwima ya 7: kijani, kisha kijivu, kisha kijani iliyokoza.
- Safuwima ya 8: zambarau, kisha dhahabu, kisha bluu ya anga.
- Safuwima ya 10: chungwa, kisha kijani, kisha kijani.

Mwalimu wa mkondo B alikuwa na faili la zamani, akachagua dhahabu ya safuwima ya 8. Faili la kukusanyia lilianzishwa kwenye Microsoft 365 mpya. Dhahabu ilipoingia humo ikauliza, "safuwima ya 8 hapa ni ipi?" Ikaambiwa bluu. Ndiyo hadithi yote.

Tena angalia jinsi hatari ilivyo. Angekuwa ameweka rangi za safuwima ya 6 peke yake, chungwa ingebaki chungwa na asingeshtuka. Tatizo hili hujificha kwenye rangi moja na kujitokeza kwenye nyingine, hapo ndipo watu wanapoamini kompyuta ina virusi.

Hatua ya 5: Soma namba za rangi

Macho yanadanganya, namba hazidanganyi. Chagua seli, bofya mshale wa kikopo cha rangi, More Colors, kichupo cha Custom. Utaona namba tatu: Red, Green na Blue, kila moja kati ya 0 na 255. Ziandike. Fanya hivyo kwenye faili la pili. Bonyeza Cancel kila mara unapotoka, usibonyeze OK.

Dhahabu ya zamani ni 255, 192, 0. Bluu iliyochukua nafasi yake ni 15, 158, 213.

Kwa asiyeogopa kwenda ndani kidogo, kuna njia ninayoipenda zaidi kwa sababu inasoma na rangi za kanuni pia. Bonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+G. Chini litafunguka dirisha dogo jeupe. Andika mstari huu ubonyeze Enter:

?ActiveCell.Interior.Color

Halafu huu:

?ActiveCell.DisplayFormat.Interior.Color

Wa kwanza unataja rangi iliyopakwa kwa mkono, wa pili unataja ile unayoiona kwa macho. Zikiwa namba mbili tofauti, kuna kanuni au mtindo wa jedwali unaoifunika seli. Namba yenyewe ni moja ndefu, na hupatikana hivi: nyekundu, jumlisha kijani mara 256, jumlisha bluu mara 65536. Dhahabu yetu inasomeka 49407. Njano kali ni 65535. Seli isiyo na rangi yoyote inasoma 16777215, sawasawa na nyeupe, kwa hiyo usije ukasema seli "imepakwa nyeupe" kwa kuangalia namba hiyo peke yake.

Hatua ya 6: Sasa tibu

Chagua tiba kulingana na ulichokikuta. Usifanye zote.

*Rangi ya mandhari, na unataka kuhamisha seli chache.* Nakili seli kwenye faili la kwanza. Nenda faili la pili, bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali unapotaka kubandika, chagua Paste Special, halafu weka alama kwenye All using Source theme, kisha OK. Rangi zitaingia na sura zilizotoka nayo. Ctrl+V ya kawaida haifanyi hivyo, na hilo peke yake linaeleza nusu ya simu ninazopigiwa.

Kama Paste Special inakuonyesha orodha fupi yenye HTML na Unicode Text badala ya orodha ndefu, mafaili yako yamefunguliwa kwenye Excel mbili tofauti ambazo hazijuani. Funga zote, urudie hatua ya 1 kwa File na Open.

*Rangi ya mandhari, na unataka kuhamisha shiti nzima.* Hapa wengi hubofya kulia kwenye jina la shiti, Move or Copy, wakaipeleka. Njia hiyo haikuulizi chochote kuhusu rangi. Shiti inavaa mandhari ya faili inakoingia. Kwa hiyo linganisha mandhari kwanza. Kwenye faili linalopokea nenda Page Layout, Colors, uchague ile inayolingana na faili linalotoa. Kama ni la Excel ya miaka ya kati, orodhani kuna Office 2013 - 2022. Kama ni la zamani zaidi, ipo Office 2007 - 2010. Ukishachagua ndipo uhamishe shiti.

Kama faili linalotoa lina mandhari ya pekee, labda ya ofisi fulani, nenda humo Page Layout, Themes, Save Current Theme, ulihifadhi. Litapata jina linaloishia na .thmx. Kwenye faili la pili, Page Layout, Themes, Browse for Themes, ulichague.

Angalizo, na hili nalisema kwa uchungu: kuna tofauti kati ya kubofya Colors na kubofya Themes. Colors inabadilisha rangi tu. Themes inabadilisha na mwandiko. Mwandiko ukibadilika, upana wa maneno unabadilika, na orodha uliyoibana ikaingia kwenye karatasi mbili inatoka karatasi tatu huku safuwima ya mwisho ikiwa peke yake. Mimi hutumia Colors, na Themes naiacha hadi nilazimike. Na kumbuka kwamba faili linalopokea lina rangi zake pia, pamoja na chati. Ukibadilisha mandhari yake, nazo zinageuka. Kama humo tayari kuna mikondo mingine iliyopakwa rangi za mandhari, tumia tiba ifuatayo.

*Unataka rangi zisibadilike tena milele.* Zigeuze kuwa za kudumu kwenye faili linalotoa kabla hujahamisha:

a) Bonyeza Ctrl+H, kisha Options.

b) Kwenye mstari wa Find what, bofya mshale ulio pembeni ya Format, uchague Choose Format From Cell, ubofye seli moja ya dhahabu.

c) Kwenye mstari wa Replace with, bofya Format, kichupo cha Fill, More Colors, Custom, uandike namba zile ulizonakili kwenye karatasi: 255, 192, 0.

d) Acha visanduku vyote viwili vya maandishi vitupu. Bofya Replace All.

Excel itakuambia imebadilisha seli ngapi. Kama idadi ni ndogo kuliko ulivyotarajia, ni kwa sababu Choose Format From Cell huchukua kila kitu cha seli ile: rangi, mipaka, herufi nzito, mpangilio. Seli yenye dhahabu ile ile lakini herufi nzito haitaguswa. Rudia kwa kuchagua seli ya aina hiyo. Ukimaliza, bofya tena mshale wa Format na uchague Clear Find Format, halafu Clear Replace Format. Usipofanya hivyo, Excel inakumbuka, na kesho utatafuta jina la mwanafunzi ukaambiwa halipo wakati unaliona kwa macho.

*Rangi ya kanuni.* Fungua Manage Rules kwenye mafaili yote mawili, ulinganishe mstari kwa mstari. Angalia vitu vitatu. Kwanza Applies to: kanuni inagusa seli zipi? Kunakili na kubandika mara nyingi huikata kanuni moja kuwa vipande kumi, kila kimoja na seli zake, na vingine havifiki mwisho wa orodha. Pili mpangilio: kanuni ya juu ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo mafaili mawili yenye kanuni zile zile kwa mpangilio tofauti yanaweza kuonyesha rangi tofauti. Tatu fomula yenyewe. Excel hairuhusu kanuni ya rangi isome seli ya faili jingine, hivyo kama kiwango cha kufaulu kiliandikwa kwenye shiti nyingine ya faili la kwanza, kiandike pia kwenye faili la pili na uielekeze kanuni huko.

Vipande vikiwa vingi, usivishone. Futa vyote, Conditional Formatting, Clear Rules, Clear Rules from Entire Sheet, uandike kanuni moja safi kwa safuwima nzima. Ni haraka kuliko kurekebisha.

*Mtindo wa jedwali.* Nao unafuata mandhari, kwa hiyo tiba ya Colors inautosha. Kama hutaki kabisa ile mistari, Table Design, Table Styles, Clear.

Hatua ya 7: Hakikisha

Chagua mstari wa vichwa, bonyeza Ctrl+Shift+L kuwasha kichujio. Bofya mshale wa safuwima yenye rangi, Filter by Color. Excel itaorodhesha kila rangi iliyomo. Kama ulitarajia dhahabu moja na unaona dhahabu mbili zinazofanana kama mapacha, kuna seli ambazo hazikuguswa. Chagua ile isiyo yako, zitajitokeza peke yake, uzirekebishe. Usihifadhi faili la mwisho kabla ya kupita hapa.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kutumia Format Painter, ule mswaki, kati ya mafaili mawili kwa kudhani utahamisha rangi "halisi". Rangi ya mandhari ikipita kwenye mswaki inabaki kuwa ya mandhari.

Kupaka kwa kukisia: "hii inafanana." Inafanana kwa macho yako, Excel inaziona mbili, na Filter by Color itakuletea nusu ya darasa.

Na kubwa kuliko yote, kuifanya rangi iwe ndiyo taarifa yenyewe. Nimeona faili ambalo hakuna neno popote linalosema nani amekosa mtihani. Kuna bluu tu. COUNTIF, ile fomula ya kuhesabu seli kwa sharti, haihesabu rangi. Printa isiyo ya rangi inaitoa bluu na dhahabu zote kijivu. Ongeza safuwima, uite Hali, uandike "kufuatiliwa" au "hakufanya", halafu kanuni ipake rangi kwa kusoma neno hilo. Rangi ikipotea, neno lipo.

Bado haijakaa sawa?

*Kikopo cha rangi kimefifia, hakibofyeki.* Shiti imefungwa, au faili liko kwenye Protected View kwa sababu limetoka kwenye barua pepe. Kwa la kwanza, Review, Unprotect Sheet. Kwa la pili, Enable Editing kwenye ule mstari wa njano juu.

*Wanafunzi wasio na alama kabisa wamepakwa nyekundu kama waliopata F.* Kidato cha nne F ni 0 hadi 29, na wengi huandika kanuni =C2<30. Kwa fomula hiyo seli tupu inahesabika kama sifuri. Andika hivi: =AND(ISNUMBER(C2),C2<30)

*Mwanafunzi ana 28 lakini hapakwi.* Tazama kona ya juu kushoto ya seli. Kama kuna pembetatu ndogo ya kijani, huenda 28 hiyo imehifadhiwa kama maandishi. Bofya alama ya mshangao inayotokea pembeni, uchague Convert to Number.

*Rangi zimepanda mstari mmoja juu au chini, anapakwa jirani.* Ulipoandika fomula, seli uliyokuwa umesimama haikuwa ile iliyotajwa kwenye fomula. Ukiandika C2, hakikisha uchaguzi wako umeanzia mstari wa 2.

*Excel inasema kuna mitindo mingi mno ya seli, inagoma kupaka.* Faili la .xlsx lina kikomo cha mitindo tofauti 65,490, na la .xls ni 4,000 tu. Mara nyingi anayelalamika ni .xls iliyokusanyiwa mafaili ya miaka. Lihifadhi kama .xlsx, ulifunge, ulifungue tena.

*Faili limetoka Google Sheets na rangi zake za mandhari ni ngeni.* Ni kawaida. Faili la .xlsx lililopakuliwa kutoka Google Sheets huja na mandhari yake yenyewe, siyo ya Office. Pima kwa hatua ya 4 kama faili jingine lolote.

*Kwenye skrini zinaonekana, kwenye karatasi hazipo.* Page Layout, Print Titles, kichupo cha Sheet. Kama kuna tiki kwenye Black and white, iondoe. Tiki hiyo inahifadhiwa pamoja na shiti, kwa hiyo mtu aliyebana wino mwaka juzi anaweza kuwa ndiye anayekusumbua leo.